Daftari la Kituruki la Bi Shaikha

Mimi na Bi Shaikha tumepakana ukuta hapa Ansab, Maskati, kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo tumenuniana mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kwa sababu ya paka wangu na samaki wake. Mara ya pili sikumbuki, na nadhani naye hakumbuki. Mara ya tatu ndiyo ninayotaka kuieleza, maana mwenye makosa nilikuwa mimi, ingawa wakati ule ungeniuliza ningekuapia kwamba ni yeye.

Kwanza umjue. Bi Shaikha alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati akiwa msichana wa miaka kumi na tano, na miaka thelathini na moja ya maisha yake aliimalizia madarasani akiwafundisha wasichana Kiingereza. Mpaka leo tukienda dukani hutokea mama mtu mzima, mwenye watoto wanne, akamwona na kuficha ubani anaotafuna. Ni mrefu, mwembamba, ana miwani mbili anazobadilisha kwa zamu, na hapendi mtu aseme jambo nusu. Ukimwambia utapita baadaye, atakuuliza baadaye hiyo ni saa ngapi. Wazee wangu mimi walitokea Tabora, na kwetu saa ni jambo la kukadiria, kwa hiyo swali hilo limenitesa sana. Mtu mmoja tu duniani hakuwahi kuulizwa, naye ni mwanawe Mutasim.

Mutasim ni mtoto wake wa pekee. Alikwenda Bursa, Uturuki, kusomea uhandisi, akamaliza, akapata kazi, akaoa huko huko. Mkewe anaitwa Nesrin, na wana binti mmoja wa miaka sita, Afra. Baba yake Mutasim, marehemu Badr, alipoona mwana anakaribia kumaliza masomo, alifanya kama wafanyavyo wazee wengi hapa kwetu: alimjengea ghorofa ya juu. Ngazi iko nje na ina mlango wake, ili mkwe asijione anapitiwapitiwa. Vyumba vitatu, jiko la makabati meupe, sebule yenye makochi. Mwana akioa anapanda ngazi tu, na mama yuko chini anasikia hatua za wajukuu. Badr alikufa kabla ya kusikia hatua hizo. Bi Shaikha alizisikia siku tisa, Afra alipokuwa bado anatambaa, miaka mitano na ushei iliyopita. Wakarudi Bursa, na tangu hapo juu hakulala mtu.

Lakini kila Alhamisi asubuhi Bi Shaikha hupanda zile ngazi, goti moja likilalamika, akafungua madirisha, akafungua mabomba yote ili maji yasilale yakaleta kutu, akawasha kiyoyozi saa nzima chumba kwa chumba, kisha akafukiza udi. Mashuka yaliyofunika makochi huyafua kila mwezi. Nilikuwa nikimwona dirishani kwangu, nikasema, huyu mwanamke anamfanyia usafi nani?

Basi binti yangu Raghad akachumbiwa. Kijana mwenyewe, Aflah, mtu mzuri, ila nyumba hana, na harusi ilikuwa ya karibu. Nikamwendea Bi Shaikha, nikamwomba ile ghorofa kwa miezi sita tu, watoto wapate pa kuanzia. Alinimiminia kahawa. Akanikatia halua. Akaniuliza habari za presha yangu. Mwishowe akasema, "Khawla mwanangu, ningekupa kwa moyo mkunjufu. Lakini Mutasim anakuja karibuni."

Sisi watu wa Tabora tukikunyima tunakunyima, unajua umenyimwa. Mtu wa Unguja atakunyima na halua utakula. Nilirudi kwangu moto mtupu. Karibuni! Tangu Afra anatambaa mpaka ana meno ya mbele yanayong'oka ni karibuni hiyo hiyo. Nikanuna miezi miwili, salamu zikawa za mkono tu, kutoka garini.

Aliyevunja ukimya ni yeye. Siku moja mwezi wa kumi, alibisha hodi akiwa na mkate wa ufuta umefunikwa kitambaa.

"Nna haja nawe," alisema, hata hajakaa. "Weye una gari, na miye macho yangu hayanipi tena kuendesha. Jumatatu na Jumatano, saa kumi, Al Khuwair. Nnajifunza Kituruki."

Nilidhani hizi tamthilia za Kituruki zimemwingia kichwani. Wako wengi, wanashinda nazo tangu adhuhuri. Akasema hapana, na akanifungulia daftari. Lilikuwa daftari la shule, lile la mistari, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na neno moja la Kiingereza juu, limepigiwa mstari kwa rula: *soon*.

Ikabidi anieleze. Kila Ijumaa baada ya alasiri Mutasim humpigia kwa video. Nesrin anamsalimia kwa heshima, anamwita *anne*, yaani mama kwa Kituruki. Kisha Afra anasukumwa mbele ya kamera, anasema, "Shikamoo Bibi," Kiswahili chake chote kimeishia hapo, na Bi Shaikha anaitikia marahaba. Baada ya hapo mjukuu na bibi wanatazamana na kuchekeana kama watu walioingia lifti moja. Mtoto anachoka, anaondoka. Mutasim anabaki, anazungumza habari za kazi na baridi, na mwisho, kila Ijumaa, mama akiuliza lini, anajibu kwa Kiingereza, "*Soon*, Mama. Inshallah, *soon*."

"Neno hilo nlimfundisha mwenyewe," alisema Bi Shaikha. "Mezani kwangu jikoni, ana miaka minane. Sasa nnataka nilijue kwa Kituruki, nimwambie Afra. Nimwambie tutaonana *soon*. Lakini nlifungua kamusi, yakatoka maneno matano. Nichague lipi?"

Akaongeza kwamba ni siri. Siku ya Idd ndogo atamshtukiza mtoto kwa Kituruki, na Mutasim na mkewe wasijue lolote hadi siku hiyo. Aliposema hivyo alikuwa na uso wa msichana. Mimi kununa sikujaliwa kama wenye kipaji hicho. Nilikula mkate wake, nikasema nitampeleka.

Mwalimu alikuwa Nurhan, mwanamke wa Kituruki ambaye mumewe ni mhandisi hapa, na alifundisha sebuleni kwake. Wanafunzi tulikuwa watatu: Bi Shaikha, binti mmoja aitwaye Atheer aliyetaka kwenda kusoma Istanbul, na mimi, kwa kuwa joto la kungojea garini linaua. Nilitoka huko na hesabu mpaka mia na majina ya mboga. Bi Shaikha alitoka na lugha. Ungemwona alivyokaa kitako, kalamu mkononi, mwalimu mzima amekuwa mwanafunzi, na bado akimsahihisha Nurhan Kiingereza chake.

Siku aliyouliza lile neno lake naikumbuka vizuri. Nurhan alicheka, akasema *soon* si neno moja kwao, ni msafara. Kuna *birazdan*. Hiyo, alisema, ni maji yako jikoni, usiende mbali. Kuna *az sonra*, ndugu yake. Kuna *çok geçmeden*, hiyo ya hadithi, mambo yanafuatana na siku hazikawii. Kuna *er geç*, mapema au baadaye, ambayo watu huisemea deni la mauti. Na kuna *yakında*.

"*Yakında* ni muda gani?" Bi Shaikha aliuliza.

Nurhan alipindua mkono. Akasema unaweza kuambiwa *yakında* ukapika, ukala, ukalala, majira yakabadilika, na aliyekuambia asiwe mwongo.

"Na mwisho wake?"

"Mwisho wake anao anayesema, anne. Anayengoja hana."

Bi Shaikha aliyaandika maneno yote matano kwa wino, na mbele ya kila moja akaweka maelezo yake. Mbele ya *yakında* akaweka alama ya kuuliza, kwa penseli. Niliona, nikatazama pembeni. Nilifikiri, hata sisi tunayo hayo: punde, sasa hivi, karibuni, Mungu akipenda, na kila mtu mzima anajua ni lipi la kungojea mlangoni na ni lipi la kwenda nalo kulala. Bi Shaikha pia alijua. Alijua kuliko sisi sote, maana kazi yake yote ilikuwa kuwauliza watu wana maana gani.

Mwezi wa kwanza akasema anataka kujijaribu kwa Waturuki wenyewe. Nikampeleka Matrah, Bandari ya Sultan Qaboos ikiwa na meli kubwa ya watalii, na watu wamemwagika sokoni wananunua ubani. Tulikaa tukisikiliza midomo inayopita. Wajerumani, Waitaliano, Wajerumani tena. Mimi nilishaanza kulalamika njaa aliponishika mkono. Mume na mke, wazee kama yeye, walikuwa wamesimama wanabishana juu ya mfuko wa halua. Waturuki. Bi Shaikha aliinuka, akatengeneza shela yake, akawasalimia.

Walifurahi wale watu! Yule mama alimshika mabega. Wakaulizana watoto, wakaulizana miji, na Bi Shaikha akataja Bursa, akataja mjukuu, akajibu kila swali kwa sentensi kamili kama za mtihani. Nilijivuna utadhani ni mimi niliyemzaa. Kisha yule mama akatazama saa akasema, "*Gemi birazdan kalkıyor*," kwamba meli inaondoka punde hivi, na hajamaliza kulisema mumewe alikuwa keshanyanyua mifuko yote, keshapiga hatua tatu kuelekea bandarini. Wakapunga mikono, wakaenda.

Tulipofika Ansab, nimezima gari, alibaki amekaa.

"Umewaona, Khawla? Mtu aliye na safari, miguu yake huanza kabla ya mdomo."

Nikashuka, nikamfungulia mlango.

Ramadhani ikaingia. Hotuba yake ya Idd ilikuwa tayari, sentensi kumi na moja, Nurhan amezisahihisha. Alizisema jikoni kwake akikanda unga wa kaimati. Nilimsikia kupitia dirisha akizungumza na sufuria kwa Kituruki, na nilicheka peke yangu. Siku hizo alikuwa na furaha, na mimi nilikuwa na furaha kwa ajili yake, nalisema bila haya.

Ijumaa ya pili kabla ya Idd sikumsikia. Jumamosi pia. Saa nne asubuhi nikaona mlango wa ngazi ya juu uko wazi, na haikuwa Alhamisi. Nikapanda.

Alikuwa amekaa kwenye kochi, juu ya shuka, kiyoyozi kimezimwa, joto limejaa chumbani. Daftari lilikuwa mapajani. Nilimuuliza kama anaumwa. Alitikisa kichwa, akanipa daftari nisome, akasahau kwamba mimi najua mboga tu. Ikabidi anisomee.

Jana yake Mutasim alikuwa ameegemeza simu kwenye bakuli la sukari mezani, akainuka kumtafutia Afra koti lake. Simu ikabaki wazi. Nesrin alikuwa nyuma anaosha vyombo, na akasema, bila hata kushusha sauti, maana aliyekuwa kwenye simu hajui Kituruki: "*Dönmeyeceğimizi söyle artık. Kadıncağız bekliyor.*" Na Mutasim akajibu, "*Yakında söylerim.*" Nesrin akasema, "*Hep yakında.*" Kisha Mutasim akarudi mbele ya kamera anatabasamu, wakaagana, na akasema lile la kila Ijumaa. Bi Shaikha akamjibu, "Inshallah, mwanangu."

Pale pale alikuwa ameelewa *yakında* tu. Mengine aliyaandika haraka jinsi alivyoyasikia, akakaa akayachambua kipande kipande, kiambishi kwa kiambishi, kama alivyokuwa akiwafundisha wasichana wake. Adhana ya magharibi ilimkuta bado anachambua, na tende ilikaa kwenye sahani. Mambo yenyewe yalikuwa haya. Nesrin amesema: mwambie basi kwamba haturudi, maskini mama wa watu anangoja. Mutasim amesema: nitamwambia karibuni. Nesrin amesema: kila siku karibuni.

Na mimi, Mola anisamehe, jambo la kwanza lililonipitia kichwani ni kwamba ghorofa sasa haina mwenyewe. Jambo la kwanza kabisa. Raghad alishapanga nyumba Maabela na ameridhika, na bado moyo wangu ukaenda huko. Nililiona, nikaona haya, na kama watu wanavyofanya wakiona haya, nikatafuta wa kumkasirikia.

"Mtoto huyu hana adabu," nikasema. "Miaka mitano anamdanganya mama yake! Mpigie sasa hivi. Mpigie umwambie umesikia."

"Usimtukane mwanangu," alisema.

"Simtukani, ila..."

"Hakudanganya. Ameogopa. Nnamjua, tangu mdogo akivunja kikombe anakificha chini ya kitanda, akingoja siku nzuri ya kusema." Alivua miwani. "Tena mkewe ndo kanitetea. Nlikuwa nikidhani yeye ndo anayemshika huko."

Tukakaa. Jasho lilinitiririka mgongoni, lakini sikuthubutu kuwasha kiyoyozi. Ndipo akaniambia linalomkaba.

"Nna hotuba yangu ya Idd. Nkiisema, watajua nnaelewa, na watajua nlisikia. Mutasim si mjinga, atahesabu. Na akishajua kwamba nnajua, ile *soon* haitakuwa na kazi tena. Basi kila Ijumaa ataniambia nini? Labda hatakuwa na la kuniambia. Labda ndo kamba yenyewe aloishika, na miye nnaikata."

"Na usiposema?"

"Nisiposema, Afra atakuwa mkubwa na miye nnamchekea tu."

Nilimuuliza kitu nilichokuwa na hamu ya kumuuliza miaka yote: kwa nini hakwenda yeye? Viza si tabu, ndege zipo. Alinitazama kama nimekosea somo la mwanzo kabisa.

"Mama akenda kwa mwana, keshakubali kwamba kule ndiko kwao," alisema. "Nani atakayefungua mabomba haya? Badr alinambia, niwekee nyumba ya mwanangu. Miye nimeweka."

Aliposema hivyo alilia, kidogo tu, bila sauti, na mimi sikujua pa kuweka mikono yangu. Nilimshika goti lile lenye maumivu. Upweke wa mwanamke yule ulikuwa umekaa pale pale siku zote, juu ya kichwa chake, vyumba vitatu na jiko, na mimi jirani nimeuona kuwa ni nafasi ya bure.

Darasani hakwenda tena. Aliniambia goti. Nurhan alinipigia mara mbili kuuliza, nikamwambia goti. Wiki ya mwisho ya Ramadhani nilimwona Atheer, yule binti wa darasani, akitoka kwa Bi Shaikha mchana. Nilidhani amekuja kumwangalia mgonjwa, nikafurahi kwamba bado kuna watoto wenye malezi.

Siku ya Idd, baada ya swala na baada ya wageni wangu, nilikwenda kumpa mkono. Nilimkuta amevaa nguo mpya ya zambarau, sinia limejaa, na simu imeegemezwa kwenye chombo cha kahawa. Ilikuwa ndiyo inaanza kulia. Nikataka kutoka, akaniashiria nikae. Nikakaa upande ambao kamera hainioni.

Wakatokea wote watatu. Nesrin akatoa mkono wa Idd. Mutasim akasema, "Idd mubarak, Mama," na nilimwona amenenepa, ana ndevu, uso ni wa Badr mtupu. Afra alikuwa na gauni jekundu na pengo mbele. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Wakachekeana. Nilihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, na mtoto akaanza kugeuka aende zake kwenye peremende zake, na nikajua kwamba ndiyo basi, amechagua kunyamaza. Ndipo Bi Shaikha akasema, kwa sauti ile ya darasani:

"*Afra, gitme. Gel, otur.*"

Usiende. Njoo, ukae. Mtoto alisimama. Nesrin alijiziba mdomo kwa mkono. Na Mutasim, kwanza alicheka, furaha ya kweli ilimjaa usoni, mama yake anasema Kituruki! Kisha kicheko kikakaa pale pale bila mwenyewe, na nikamwona anarudi nyuma, Ijumaa kwa Ijumaa, mpaka kwenye bakuli la sukari. Sijapata kuona mtu mzima akiwa mtoto kwa haraka namna ile.

"Mama," alisema. "Mama, nilikuwa nataka kukwambia..."

"Nnajua, baba. Tutazungumza miye na wewe. Sasa nnasema na Afra."

Ile hotuba ya sentensi kumi na moja hakuisema. Alimtazama mtoto, mtoto ambaye sasa alikuwa amepanda kiti na kukaribia kamera mpaka ikabaki pua na macho, akamwambia, "*Siz gelmeyeceksiniz. Ben geleceğim.*" Hili alinieleza baadaye, ila maana yake niliiona usoni mwa Mutasim: nyinyi hamtakuja. Nitakuja mimi.

"*Ne zaman?*" aliuliza Afra.

Hilo nililijua hata mimi. Lini?

Daftari lilikuwa pale karibu na sinia, na nilijua ule ukurasa wa kwanza mstari kwa mstari: *birazdan*, *az sonra*, *çok geçmeden*, *er geç*, na lile lenye alama ya penseli. Yote alikuwa nayo mdomoni, angeweza kuchukua lolote. Hakuchukua hata moja.

"*Yirmi bir Haziran*," alisema. Tarehe ishirini na moja mwezi wa sita. Akafungua daftari, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyosha mbele ya kamera. Ilikuwa tiketi ya ndege. Atheer ndiye aliyemkatia, siku ile niliyomsifu kwa malezi.

Mutasim aliinamisha uso, mabega yakimtikisika, na Nesrin akamwekea mkono mgongoni. Mtoto hakuwa na habari nao. Alikuwa anahesabu miezi kwa vidole, anamwuliza mama yake na hajibiwi, anaanza upya. Alipomaliza alitazama kamera kwa masikitiko makubwa, akasema kwa sauti iliyojaa chumba kizima cha Ansab:

"*Ooo, daha çok var!*"

Bi Shaikha alicheka. Alicheka hadi shela ikamwanguka mabegani, na machozi yakawa yanamtoka, na hakuyafuta. Nikamwuliza kwa kunong'ona, kasema nini, kasema nini mtoto?

"Kasema bado siku nyingi sana," alinijibu bila kuondoa macho kwenye simu. "Miaka mitano, Khawla. Ndo mtu wa kwanza kunambia."